BUSTANI MLANGONI: Kazi Njema za Nyumbani kwa Wakaaji wa Nairobi

Ijumaa jioni ofisi za serikali zilizoko Harambee Avenue hufungwa, na makarani na matarishi huelekea kwenye vituo vya matatu. Wengi wao huenda upande wa magharibi. Wengine hufuata Waiyaki Way hata Kangemi na Uthiru, na wengine hushika barabara ya Ngong hata Dagoretti Corner, kisha Kawangware, Riruta na Waithaka. Siku mbili zilizo mbele yao ni zao wenyewe. Ndipo lizukapo swali la kila juma: mtu akaapo nyumbani, afanye nini?

Wako wadhanio kwamba kukaa nyumbani ni kulala, au kutazama televisheni, au kuhesabu siku zilizosalia kabla ya mshahara. Lakini nyumba yenyewe ina kazi nyingi njema, nyepesi, zisizohitaji shamba kubwa wala fedha nyingi, na zenye kumfurahisha mtu pamoja na watoto wake. Kazi ya kwanza katika hizo ni kupanda mboga katika magunia karibu na mlango wa nyumba. Nyingine zote zilizotajwa katika makala haya hutokana na hiyo, kama matawi yatokavyo katika shina.

Wala jambo hili si mchezo wa kupitishia wakati tu. Jina la sukuma wiki lenyewe latosha kuwa ushuhuda. Mboga hiyo iliitwa hivyo kwa sababu ndiyo imsaidiayo mtu kulisukuma juma mpaka fedha zipatikane. Mwenye kuichuma mlangoni pake hulisukuma juma bila kukopa dukani.

Mafundisho ya mwaka 2020

Mwezi wa Machi 2020 ugonjwa wa korona uliingia Kenya, na shule zikafungwa. Tarehe 27 Machi kafyu ilianza: tangu saa moja jioni hata saa kumi na moja alfajiri hapana aliyeruhusiwa kutembea nje, isipokuwa wenye kazi za lazima. Tarehe 6 Aprili njia za kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake zilifungwa kwa wasafiri, nazo hazikufunguliwa hata tarehe 7 Julai. Magari ya chakula yaliachwa yapite, lakini vibarua vingi vilikoma, na watu wengi walipunguziwa mishahara au kuachishwa kazi. Nyumba nyingi zikaona kwamba chakula kipo sokoni, ila fedha za kukinunulia hazipo.

Watu wengi wakakumbuka jembe. Wizara ya Kilimo nayo, katika mwaka huo huo, ilianzisha mpango wa kuhimiza bustani za nyumbani milioni moja katika nchi nzima. Hayo yalikuwa mema. Lakini yafaa ipigwe hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Mtu aliyepanda mbegu ya sukuma wiki kitaluni siku ile ile ya 6 Aprili, alingoja majuma manne hivi kabla ya kuihamisha miche, yaani mapema mwezi wa Mei. Akangoja tena majuma manne hata sita kabla ya kuchuma jani la kwanza, yaani mwezi wa Juni. Njia zilipofunguliwa tarehe 7 Julai, alikuwa amekula mboga yake kwa muda wa mwezi mmoja hivi katika miezi mitatu ya dhiki. Lakini mwenzake, ambaye magunia yake yalikuwa yamekwisha kukomaa mwezi wa Februari, alichuma tangu siku ya kwanza.

Basi fundisho ni hili: bustani haianzishwi siku ya njaa. Huanzishwa siku za utulivu, wakati mtu anapoweza kukosea na kujaribu tena bila kuumia.

Jambo hili si geni

Asidhani mtu kwamba kulima karibu na jiji ni mtindo mpya. Kabla reli haijafika mahali paitwapo Nairobi, mwaka 1899, vilima vya Dagoretti na Kabete vilikuwa mashamba ya Wakikuyu, na misafara iliyopita ilinunua chakula huko. Mwanzoni mwa karne ya 20, askari wa Kinubi waliokaa Kibera walilima na kufuga katika ardhi hiyo, nayo wakati ule ilikuwa msitu.

Huko Kabete, mwaka 1925, ilifunguliwa Shule ya Jeanes. Ilipewa jina la Bibi Anna Jeanes wa Philadelphia, Marekani, ambaye aliacha mali yake isaidie shule za Weusi wa mashambani. Walimu waliokuja Kabete hawakuja peke yao. Walikuja na wake zao na watoto wao, wakakaa katika nyumba ndogo ndogo, wakafundishwa kulima bustani, kutunza usafi na kupika chakula chenye afya. Wakubwa wa shule waliamini kwamba somo la nyumbani halifundishwi ubaoni tu. Mahali hapo pakawa Chuo cha Utawala cha Kenya mwaka 1961, na leo ni Chuo cha Serikali cha Kenya, ambako maofisa wa serikali husomea kazi zao.

Katikati ya miaka ya 1980 Taasisi ya Mazingira ya Nairobi ilichunguza miji sita ya Kenya, ikaona kwamba karibu jamaa tatu katika kila kumi hulima chakula mjini. Walakini kwa miaka mingi sheria ndogo za Jiji hazikupenda mahindi kando ya barabara, na mkulima wa mjini alilima kwa wasiwasi. Ni mwaka 2015 ndipo Kaunti ya Nairobi ilipotunga sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, na hivyo kazi hii ikatambuliwa rasmi.

Gunia lenyewe lilijulikana sana huko Kibera mwaka 2008. Fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilikuwa zimeharibu masoko, na hata reli ikang'olewa. Shirika la Kifaransa liitwalo Solidarités International likawafundisha wakaaji kupanda mboga katika magunia, na maelfu ya jamaa wakafuata. Kama bustani iliweza kusimama Kibera, mahali ambapo nyumba hugusana ukuta kwa ukuta, basi mwenye ploti ya Kawangware au Kangemi hana udhuru.

Gunia, udongo na kokoto

Vitu vinavyotakikana ni vichache: gunia moja la kilo 90, udongo, samadi iliyooza vizuri, kokoto za kujaza ndoo mbili hivi, na kopo kubwa lililokatwa chini na juu likawa kama bomba fupi. Gunia lisiwe lile lililotiwa dawa za mimea au sumu yo yote. Udongo usichukuliwe kando ya barabara kuu wala karibu na gereji, maana huwa na mafuta na uchafu wa magari.

Hapa watu wa magharibi ya jiji wana bahati. Udongo wa Dagoretti na Kabete ni mwekundu, wenye kina, tena hupitisha maji vizuri. Wenzao wa mashariki wana udongo mweusi mzito, ambao hunata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Wao huhitaji kuongeza mchanga na samadi nyingi zaidi. Kwa udongo mwekundu, sehemu mbili za udongo na sehemu moja ya samadi zatosha.

Kazi yenyewe ni hivi. Gunia hukunjwa pande zake mpaka chini, likasimamishwa mahali penye jua walau nusu ya siku. Kopo huwekwa katikati, likajazwa kokoto, na udongo ukatiwa kulizunguka pande zote. Kisha kopo huvutwa juu polepole, kokoto zikibaki. Likajazwa tena, na udongo ukaongezwa tena, na gunia likakunjuliwa kidogo kidogo mpaka lijae. Hivyo nguzo ya kokoto husimama katikati tangu chini hata juu. Nguzo hiyo ndiyo siri ya kazi yote. Maji yakimwagwa juu yake hushuka na kufika kila mahali. Bila hiyo mimea ya juu hunywa yote, na ya chini hukauka.

Baada ya kumwagilia na kuacha udongo utulie siku mbili au tatu, matundu madogo hutobolewa ubavuni kwa kisu, yakiachana kiasi cha shubiri moja. Katika kila tundu hutiwa mche mmoja wa sukuma wiki, mizizi ikielekea ndani na chini. Gunia moja huchukua miche 30 hivi. Juu ya gunia hupandwa spinachi, vitunguu au dania. Miche isihamishwe mchana wa jua kali. Jioni ndiyo saa yake.

Sukuma wiki ianzapo kuvunwa, huchumwa majani ya chini kwanza, na manne au matano ya juu huachwa ili mmea upate nguvu. Avunaye kwa pupa akaacha shina tupu hujikatia mboga ya juma lijalo. Mimea ikitunzwa, huendelea kuzaa kwa miezi mingi. Gunia lenyewe, likiwa la nailoni, huchakaa kwa jua baada ya mwaka mmoja au miwili, na lazima libadilishwe.

Maji yaliyo safi

Hapa ndipo wengi wapotezapo faida yote. Mto Nairobi na vijito vyake hupita karibu na nyumba nyingi, na maji yake hayana bei. Lakini vijito hivyo hupokea uchafu wa vyoo na wa viwanda, na mboga inyweshwayo maji hayo huweza kumletea mlaji maradhi ya tumbo. Tena madini mazito yanayoingia mtoni hayaondolewi kwa kuosha wala kwa kupika. Mtu aliyeacha mboga za sokoni kwa hofu ya maji machafu, kisha akazinywesha zake maji yale yale, amejidanganya.

Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paani ni mema. Maji yaliyooshea mboga, mchele au matunda ni mema pia, nayo hutoka katika kila jikoni kila siku. Maji ya kufulia yenye sabuni nyingi hayafai. Mvua za masika huanza Machi hata Mei, na za vuli Oktoba hata Desemba. Kati ya majira hayo gunia huhitaji kumwagiliwa mara kwa mara, asubuhi au jioni. Dagoretti iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na miezi ya Juni, Julai na Agosti huwa na baridi na mawingu. Mimea hukua polepole wakati huo, na mkulima asikate tamaa.

Mboga zipi kwanza?

Anayeanza na asipande kila kitu kwa siku moja. Mchicha, ambao wengi huuita terere, huwa tayari kuchumwa baada ya majuma matatu au manne tangu mbegu kutiwa. Majani ya kunde huchukua muda kama huo. Mnavu, yaani managu, huhitaji majuma manne hata sita. Hizi ndizo za kutangulia, kwa sababu humtia moyo mwenye bustani wakati sukuma wiki ingali kitaluni. Tena mboga hizi za kienyeji zina madini ya chuma na vitamini kwa wingi. Zile zilizodharauliwa zamani kuwa chakula cha maskini, leo huuzwa kwa bei nzuri katika maduka makubwa ya Westlands.

Mbegu zinunuliwe katika duka linaloaminika, zikiwa katika pakiti iliyofungwa na yenye tarehe. Vidukari, wale wadudu wadogo wanaojikusanya chini ya majani na kufyonza utomvu, huondolewa kwa kuoshwa na maji yenye sabuni kidogo, mapema kabla hawajaenea. Viwavi huokotwa kwa mkono. Kazi hiyo watoto huipenda sana, na kwa bustani ya magunia matatu haichukui robo saa.

Takataka ni mali

Maganda ya viazi, ya ndizi na ya mayai, mabua ya mboga na majani makavu: haya yote hutupwa kila siku, kisha mtu huyo huyo hununua mbolea. Afadhali yatiwe katika pipa kuukuu lililotobolewa matundu, tabaka la majani mabichi, tabaka la makavu na udongo kidogo, yakigeuzwa kila juma au majuma mawili na kuwekwa katika hali ya unyevu. Baada ya miezi miwili au mitatu hugeuka mbolea nyeusi isiyonuka. Nyama, mafuta na vyakula vilivyopikwa visitiwe, maana huita panya na nzi, na ugomvi na majirani.

Mwenye nafasi zaidi, kama vile wakaaji wa Waithaka na Uthiru wenye viwanja vyao, aweza kuongeza kuku wachache wa kienyeji. Kuku hula majani yaliyozeeka na wadudu, na samadi yake, ikisha kuoza kabisa, hurudi guniani. Huatamia kwa siku 21, na watoto hujifunza mengi kwa kuzihesabu siku hizo kwenye kalenda. Lakini asifuge bila chanjo. Ugonjwa wa kideri, uitwao Newcastle katika maduka ya dawa za mifugo, huweza kuwamaliza kuku wote katika siku chache, na hauna tiba. Chanjo yake ni matone tu, na bei yake haifiki bei ya kuku mmoja. Mpangaji wa ploti na amwulize kwanza mwenye nyumba na majirani, kwa kuwa jogoo mmoja aweza kuvunja ujirani wa miaka mingi. Ruhusa hiyo hiyo yatakikana hata kwa magunia, ili yasizibe njia ya watu.

Mboga zizidipo, zisiachwe zioze. Majani ya kunde huchovywa katika maji yanayochemka kwa dakika chache, yakaanikwa kivulini penye upepo mpaka yakauke kabisa, kisha hutiwa katika chombo kikavu chenye mfuniko. Hivyo mvua za Mei huliwa hata wakati wa baridi ya Julai.

Mali bila daftari

Wahenga wa pwani walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Karani anayeandika hesabu za serikali mchana kutwa hana sababu ya kushindwa kuandika za gunia lake. Na achukuliwe mfano wa jamaa inunuayo mboga za shilingi 50 kila siku. Kwa mwaka mzima huwa shilingi 18,250. Gunia moja lililotunzwa vizuri laweza kutoa mboga ya mlo mmoja au miwili kwa juma; basi magunia matatu yaliyopandwa kwa zamu huweza kuilisha jamaa hiyo siku nne katika kila juma. Siku nne kwa majuma 52 ni shilingi 10,400 zisizotoka mfukoni. Toa gharama ya magunia, mbegu na samadi, na kilichobaki chaweza kununua madaftari na sare za shule.

Daftari pia husema ukweli usiopendeza. Litaonyesha gunia lililokauka kwa sababu wenyewe walikwenda safari bila kumwomba jirani alimwagilie. Litaonyesha miche iliyoliwa na kuku wa ploti kwa kukosa wavu. Na litaonyesha kwamba gunia haliwezi kuilisha jamaa peke yake, maana unga, mafuta na chumvi bado hununuliwa. Yafaa mambo hayo yajulikane mapema, ili mtu asianze kwa matumaini makubwa na kuacha kwa hasira.

Kazi kama hizi zimewahi kuwa za mataifa makubwa pia. Wakati wa vita vya 1939 hata 1945, Waingereza waling'oa maua yao wakapanda viazi na kabeji hata katika bustani za starehe za London, kwa kuwa meli za chakula zilizamishwa baharini. Wao pia walijifunza wakati shida imekwisha kufika. Wakaaji wa Nairobi walijifunza somo hilo mwaka 2020, na halifai kusahauliwa kwa sababu njia zimefunguliwa na matatu yanajaa tena.

Basi Jumamosi ijayo, kabla jua halijawa kali, gunia moja lisimamishwe karibu na mlango. Baba achanganye udongo, mama achague mbegu, na watoto waokote kokoto. Mchicha utachipuka kabla mwezi haujaisha, na mtoto aliyeupanda kwa mkono wake hataacha hata jani moja sahanini. Haba na haba hujaza kibaba.